Kufuatilia Maisha ya Babu wa Kijijini kwa Karatasi za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua maisha ya mzee wa ukoo aliyezaliwa na kuzikwa kijijini, hasa katika Tanganyika ya enzi za Wajerumani na Waingereza. Mifano mingi ni ya Songea, kwa sababu ndiko alikotoka babu yangu mzaa baba. Sanduku lake la bati, ambalo kwa miaka mingi lilikaa uvunguni mwa kitanda cha shangazi likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, ndilo lililonifundisha mengi ya yanayosemwa hapa.

Babu yangu hakujua kusoma. Inawezekanaje awe ameacha nyaraka?

Nyaraka nyingi za mtu wa kijijini hazikuandikwa naye, bali ziliandikwa na watu waliokuwa na haja naye. Karani wa kodi alitaka fedha yake, padri alitaka kujua kama ana mke mmoja, wakala wa mashamba ya katani alitaka mikono yake, na jeshi likataka miguu yake. Kila mmoja aliandika alichokihitaji na kuyaacha mengine, na jambo hilo inafaa kulikumbuka kila unaposhika karatasi: jiulize kwanza aliyeiandika alikuwa akitafuta nini.

Mara nyingi mzee asiyejua kusoma ndiye aliyetunza karatasi kwa uangalifu kuliko msomi, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua ipi imekwisha kazi na ipi bado ina nguvu, na kukutwa njiani bila stakabadhi ya kodi kulikuwa balaa. Katika sanduku la babu mlikuwa na stakabadhi zilizokunjwa mara nne hadi mikunjo ikawa matundu, cheti cha ubatizo, kadi mbili za kazi, kadi ya TANU, na picha moja ya studio ambayo hakuna aliyemtambua mtu aliyesimama upande wa kushoto.

Nianzie wapi, Nyaraka za Taifa au nyumbani?

Anzia nyumbani, tena uanze na wazee kabla ya masanduku. Karatasi iliyokaa miaka 80 itakaa miezi sita mingine, ilhali bibi wa miaka 90 hana dhamana hiyo.

Usimwendee mzee na kumwomba akusimulie historia ya ukoo, kwani atakupa hotuba ile ile anayoitoa kwenye arusi. Mpe kitu mkononi. Shangazi yangu hakuwahi kujibu swali lolote lililohusu mwaka, lakini nilipomwekea kiganjani kadi moja ya kazi, aliinusa kwanza, kisha akasema: «Hii ni ya Korogwe. Baba alirudi nayo na blanketi la mistari, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naota meno ya mbele.» Mtoto huota meno ya mbele ya ukubwani akiwa na miaka sita au saba. Kwa sentensi hiyo moja, safari ya babu ya kurudi nyumbani ilipata mwaka wake.

Waulize pia wanawake walioolewa katika ukoo huo, maana wao walifundishwa na mama wakwe nani ni nani na nani haingii kwa nani, na mara nyingi wanakumbuka kuliko wazaliwa wa nyumba. Watani nao wasisahauliwe. Wamekaa kwenye misiba yenu kwa vizazi, na husema kwa mzaha yale ambayo ndugu hawayasemi hata kwa siri.

Nitajuaje mwaka wa kuzaliwa wakati hakuna cheti?

Mtu wa kijijini aliyezaliwa kabla ya uhuru kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa, na umri ulioandikwa kwenye karatasi zake ni makadirio ya karani aliyemtazama usoni. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na miaka 25 kwenye karatasi moja na 22 kwenye nyingine iliyoandikwa miaka mitatu baadaye. Usichague mwaka mmoja, bali tafuta kipindi.

Njia inayofaa ni kuweka matukio makubwa mstarini na kuuliza mzee alikuwa akifanya nini wakati wa kila moja: alikuwa akibebwa mgongoni, akichunga mbuzi, au tayari ana mke? Kwa kusini mwa Tanzania matukio hayo ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kunyongwa kwa mashujaa wa Kingoni pale Songea tarehe 27 Februari 1906, njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba, Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, na homa kali ya mafua iliyoua watu wengi mwishoni mwa vita hivyo. Kwingineko watu hukumbuka sotoka iliyomaliza ng'ombe katika miaka ya 1890, au nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Hapa pana mtego. Mzee anaposema «vita vya Mjerumani» anaweza kuwa na maana ya Maji Maji, ambamo wenyeji walipigana na Mjerumani, au ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo Mwingereza alimfukuza. Tofauti yake ni takriban miaka kumi. Swali linalotatua ni hili: «Adui wa Mjerumani alikuwa nani, sisi au Mzungu mwenzake?»

Nina stakabadhi ya kodi ambayo tarehe yake imefutika. Nitaikadiriaje?

Itazame fedha. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kwa rupia. Hadi 1904 rupia moja ilikuwa na pesa 64, na kuanzia mwaka huo ikagawanywa katika heller 100. Kwa hiyo karatasi yenye neno heller ni ya mwaka 1904 au baada yake. Shilingi zilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1921, na karatasi yenye shilingi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mhuri wenye taji na herufi za jina la mfalme husaidia pia: George wa Tano alifariki mwaka 1936, George wa Sita mwaka 1952, na baada yake ni Elizabeth. Kama ni bahasha, tazama stempu, kwa kuwa zile zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza mwaka 1935.

Usipuuze jina la jumbe lililoandikwa kwenye stakabadhi. Kijiji kinaweza kuhama, lakini aliyekusanya kodi anajulikana alikaa wapi.

Vitabu vya ubatizo vina nini zaidi ya tarehe?

Vina mengi, na kwa maoni yangu hakuna kumbukumbu ya kijijini inayovishinda. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki kwa kawaida waliandika kwa Kilatini, lakini maneno yenyewe ni machache na yanarudiwa rudiwa: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* ni baba wa ubatizo, *matrina* mama wa ubatizo, *circa* ni takriban, na *in periculo mortis* humaanisha kuwa mtu alibatizwa akiwa hatarini kufa. Ukiliona hilo la mwisho kwenye mstari wa bibi yako aliyefikisha miaka 90, umepata ugonjwa mkubwa ambao pengine hakuna aliyekusimulia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni maandishi ya pembezoni mwa ukurasa. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, mtu anapofunga ndoa, parokia iliyomfungisha hupeleka taarifa kwenye parokia alikobatizwa, na ndoa hiyo huandikwa kando ya mstari wake wa ubatizo. Kipaimara nacho huandikwa hapo hapo. Maana yake ni kwamba mstari mmoja ulioandikwa kijijini unaweza kukuonyesha kwamba mtu huyo alioa mbali sana na hapo. Pembeni mwa mstari wa babu yangu palikuwa na maneno mawili ya Kilatini na jina la misheni moja ya Tanga, na kwa hayo ndipo tulipojua kwamba bibi hakuwa mke wake wa kwanza. Baba mdogo hakunisemesha hadi Pasaka iliyofuata.

Baba na mama wa ubatizo nao wafuatilie. Mara nyingi ni katekista, jirani, au mtu wa ukoo aliyetangulia kuingia dini, na jina lake hukuonyesha babu alikaa na nani. Kumbuka pia kwamba mtu mzima alibatizwa baada ya kufundishwa kwa miaka kadhaa, hivyo tarehe ya ubatizo haikaribii hata kidogo tarehe ya kuzaliwa.

Ukienda parokiani, nenda na jina la mhusika, jina la baba yake na miaka ya kukadiria, na usitegemee kukabidhiwa kitabu chenyewe. Mstari wa jirani unaweza kuwa na siri ya nyumba ya watu, na paroko anayekataa kukuonyesha ukurasa mzima anafanya kazi yake. Uliza kwanza kama kitabu cha miaka unayoitaka kipo. Misheni ya Peramiho, kwa mfano, ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1898 na ikachomwa moto wakati wa Maji Maji mwaka 1905.

Na kama familia ilikuwa ya madhehebu mengine?

Walutheri wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 na Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Vitabu vya sharika hubaki sharikani, ila barua na picha za wamisionari zilipelekwa kwao. Kumbukumbu za Leipzig zipo Halle, za Wamoraviani zipo Herrnhut, na za Waanglikana wa UMCA, waliofanya kazi Masasi na kando ya Ziwa Nyasa, zipo Oxford. Humo utapata habari za kijiji zaidi kuliko za mtu mmoja mmoja, isipokuwa kama babu yako alikuwa mwalimu au shemasi.

Ukoo wetu ni wa Kiislamu. Hakuna kitabu cha ubatizo; nitafute nini?

Fungua msahafu wa zamani wa nyumbani na utazame kurasa tupu za mwanzo na za mwisho. Watu wengi waliandika humo, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, tarehe za watoto kuzaliwa na wazee kufariki, wakati mwingine pamoja na siku ya wiki na saa. Tafuta pia hati za nikaha, wasia, hati za wakfu, barua za biashara, na kwa waliokuwa murid wa tarika, yaani wafuasi wa njia ya Kisufi, silsila (orodha ya mashekhe waliorithishana njia hiyo) na ijaza (idhini ya kufundisha).

Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo kujumlisha tu hakutoshi: zidisha mwaka huo kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1324 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Februari 1906. Kama hati ina siku ya wiki, itumie kuhakiki hesabu yako, kwani mwandishi angeweza kukosea tarehe ya mwezi lakini si rahisi akosee Ijumaa.

Maandishi yenyewe yasomwe na mtu anayejua Kiarabu na Kiswahili cha pwani kwa pamoja. Anayejua Kiarabu peke yake atasoma herufi zote na asielewe neno hata moja.

Kadi yenye miraba 30 ni ya nini?

Hicho ni kipande cha kazi. Katika mashamba ya katani mkataba haukuhesabiwa kwa miezi ya kalenda bali kwa vipande: mtu alitakiwa kukamilisha siku 30 za kazi ndani ya siku 42, na kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama kwenye mraba. Songea ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa kwenda Tanga, na waliokwenda kwa mkataba waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Kuanzia mwaka 1944 uandikishaji mwingi uliendeshwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya katani.

Usisome miraba iliyojazwa tu, soma na ile mitupu. Kwenye kadi ya pili ya babu, miraba kumi na mmoja ya kwanza ina alama za wino mweusi, halafu hakuna kitu, halafu alama zinaendelea kwa wino wa rangi nyingine na mkono mwingine. Shangazi anasema hapo ndipo mguu wake ulipochomwa na mwiba wa mkonge ukaoza. Karani hakuandika neno lolote kuhusu mguu, kwa kuwa siku isiyofanyiwa kazi haikuwa na malipo na kwake haikuwa siku.

Jina kwenye kipande linaweza kuwa la utani. Linganisha namba, si jina tu.

Inasemekana alipigana vita. Nitathibitishaje?

Uliza kwanza ni vita gani na alikuwa nani humo. Katika Vita ya Kwanza wengi hawakuwa askari bali wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo, jina lililobaki kwenye mtaa wa Dar es Salaam, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina yao mengi hayakuwekwa kwenye makaburi wala kwenye kuta za kumbukumbu, jambo ambalo Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi mwaka 2021. Kutoliona jina la mzee wako kwenye orodha si ushahidi kwamba hakwenda.

Katika Vita ya Pili, aliyekuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika), huenda alifika Uhabeshi, Madagaska mwaka 1942, au Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko. Karatasi ya maana ni cheti cha kuachishwa jeshi, kwa kuwa hutaja namba, tarehe, na mara nyingine kimo na makovu. Medali pekee haitoshi: za Uingereza za Vita ya Kwanza huwa na jina la mtu limechongwa ukingoni, lakini za Vita ya Pili zilitolewa bila jina, na yoyote inaweza kuwa ilinunuliwa sokoni.

Mbona jina lake linaandikwa tofauti kila mahali?

Kwa sababu alikuwa na majina kadhaa na waandishi wa mataifa mbalimbali. Mtu mmoja angeweza kuwa na jina la utotoni, jina la jandoni, jina la dini, jina la baba na jina la kambini. Mjerumani aliandika *dsch* mahali pa j, *tsch* mahali pa ch na *sch* mahali pa sh. Kwake Mwanza ilikuwa Muansa na Mchagga alikuwa Dschagga. Ongeza hapo l na r zinazobadilishana kulingana na lugha ya mama ya karani. Lisome jina kwa sauti kabla ya kuamua kwamba si lenyewe.

Mahali palipotajwa sipaoni kwenye ramani yoyote.

Pengine pamebadilishwa jina. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Wiedhafen ni Manda na Sphinxhafen ni Liuli. Kwa vijiji vidogo, sababu kubwa ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ilipohamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya kando ya barabara. Usitafute kijiji hicho, tafuta mahame yake: miembe iliyopandwa kwa mstari, mawe ya mafiga, makaburi. Nenda na mzee mmoja na fundi wa kutembea porini, na uende kiangazi.

Nyaraka za Taifa zitanisaidia lini?

Ukiwa tayari na jina, wilaya na miaka. Kwenye ofisi ya Dar es Salaam, iliyopo Upanga, kuna majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, waliandika orodha za watawala, mila na mipaka. Tafuta kwa wilaya na kwa jimbo la wakati ule: Songea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, kwa hiyo habari zake zinaweza kuwa kwenye majalada ya Lindi. Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yapo Berlin, na mengi yanasomeka bure kwenye mtandao, kwa wanaoweza kusoma mwandiko wa Kijerumani cha zamani. Sensa hutoa hesabu za watu, wala si majina yao, hivyo usipoteze siku kwa hiyo.

Bibi haonekani kwenye karatasi yoyote. Je, nimwache?

Hapana, lakini ubadili njia. Kodi na vipande viliandikwa kwa majina ya wanaume, na mwanamke alionekana hapo kama hesabu tu, kwa mfano pale mwenye wake wengi alipotozwa zaidi. Mwanamke huandikwa anapobatizwa, anapoolewa, anapokuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake, na zaidi ya yote pale mahari yake inapogombaniwa. Mashauri ya mabaraza ya wenyeji yana wanawake wengi wanaozungumza kwa kinywa chao, na kesi ya kudai ng'ombe wawili inaweza kukupa jina la baba yake, kaka zake na kijiji alikotoka kwa ukurasa mmoja.

Nifanyeje nikigundua kwamba mzee alikuwa mtumwa au mateka?

Nenda polepole. Katika Ungoni sehemu kubwa ya watu walitokana na jamii zilizotekwa na kumezwa, walioitwa Wasutu, na wajukuu wao leo wanajiita Wangoni kwa haki kabisa. Mwambie kwanza mkubwa wa ukoo faraghani, muulize kama ni habari mpya kwake, na usiliandike neno hilo kwenye kundi la simu la familia. Vivyo hivyo kwa jambo lolote linalogusa mipaka ya shamba au haki ya urithi, maana nakala ya karatasi ya mwaka 1950 ikifika mikononi mwa mtu mwenye kesi, inakuwa kielelezo kabla hujamaliza kuisoma.

Karatasi zimeanza kuliwa na mchwa. Nizitunzeje?

Zipige picha leo, kando ya dirisha, bila mwako wa kamera, mbele na nyuma, hata kama nyuma panaonekana patupu. Usizitie laminesheni wala selotepu. Zikunjue pole pole, zitenganishe kwa karatasi nyeupe safi, uziweke kwenye boksi gumu lililo juu ya ardhi, mbali na ukuta. Sanduku la bati lenyewe libaki kwa aliyelitunza. Nilitaka kulihamisha la babu, shangazi akaniuliza kama na yeye nitamhamisha.

Nimekusanya yote, na bado kuna miaka isiyo na karatasi. Niandike nini?

Andika kilichosemwa na aliyekisema, na usizibe pengo kwa kubuni. Kati ya stakabadhi ya mwisho ya ujana wa babu na kipande chake cha kwanza cha katani kuna miaka minne hivi. Shangazi anasema alikuwa Lindi akipakua mizigo bandarini, na baba mdogo anasema alikuwa kifungoni kwa ajili ya kodi. Nimeziandika kauli zote mbili, jina la msemaji na tarehe ya mazungumzo kando ya kila moja, na chini yake nimeacha nusu ukurasa mweupe.